Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makaratasi ya Wodini na Simu Zetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha madaktari, assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Habari za ada na akaunti ya benki atazisoma mweka hazina. Mimi nawashukuru tu waliolipa bila kukumbushwa. Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu zake kwenye makaratasi yanayommaliza daktari wa zamu, na namna simu aliyo nayo mfukoni inavyoweza kumpunguzia.

Chukueni mgonjwa wa Faza, kisiwani Pate. Kwenye raundi ya asubuhi anaambiwa amepona, aende nyumbani. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Muhtasari wa matibabu uandikwe kwa mkono. Jina na namba ya faili zirudiwe kwenye karatasi ya dawa, zirudiwe tena kwenye fomu za bima. Kisha faili lisubiri sahihi ya daktari ambaye saa hiyo yuko chumba cha upasuaji. Boti nayo haimngoji mtu, maana Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, hupitika vizuri maji yakijaa. Sahihi ikipatikana alasiri, mtu mzima wa afya analala usiku mwingine mjini kwa jamaa, au palepale wodini kwenye kitanda anachokihitaji mwenzake.

Kwa makubaliano na wakuu wa wodi mbili, tulijaribu kuandika muhtasari kwenye tableti, kompyuta ya kushika mkononi, wakati wa raundi, mbele ya mgonjwa, na maelezo yake yakiingizwa mara moja yajijaze kwenye fomu zilizobaki. Wodi moja imefurahia. Ya pili imezidiwa, kwa sababu wafanyakazi wa ofisi ya rekodi bado wanadai nakala ya mkono, basi daktari akimaliza kwenye tableti anaanza upya kwenye faili. Mwanachama mmoja aliniambia angeomba arudishiwe kalamu yake. Sikumlaumu.

Wala si sisi peke yetu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliowafuatilia madaktari 57 wa kliniki, ulikuta kwamba kwa kila saa moja ya kuwahudumia wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zilikwenda kwenye kompyuta na kazi za mezani. Uingereza nako, mwaka 2019 huduma yao ya afya ya umma ilikuwa bado na peja zipatazo 130,000, vile vifaa vidogo vya kumwita daktari kwa mlio. Walipojaribu ujumbe wa simu badala ya peja katika hospitali ya West Suffolk, daktari mdogo aliokoa wastani wa dakika 48 kwa zamu. Nionavyo, siri ni kwamba huko simu ilishika mahali pa peja, haikuongezwa juu yake. Kwa hiyo ombi letu kwa uongozi wa hospitali ni moja: kila fomu inayohamia kwenye tableti, ndugu yake wa karatasi astaafu siku hiyohiyo.

Kwenye rufaa za wagonjwa tumepata nafuu bila ubishi. Barua ya mkono inayovuka hadi Mokowe, gati ya bara, wakati wa upepo wa kusi, ikalowa maji ya bahari, kisha ikashika barabara ya Witu na Garsen hadi Mombasa, hufika ikiwa doa la wino. Sasa barua inatangulia kwa simu, na daktari anayempokea mgonjwa anaisoma kabla ambulensi haijafika. Ratiba ya zamu nayo iko kwenye simu, kila mabadiliko yakiwa na jina la aliyeyafanya. Ugomvi wa nani alale kazini usiku wa Maulidi haukuisha, lakini angalau hakuna tena anayefuta jina lake ubaoni kimyakimya.

Lililobaki ni zito. Wengi wetu tunatumiana picha za eksirei na vidonda kwenye WhatsApp, tukijituliza kwamba ujumbe umefungwa kwa siri. Ujumbe ukiwa njiani ni kweli. Ukishafika, picha hujihifadhi kwenye simu, kati ya picha za harusi ya shangazi, na jioni mtoto anaomba simu acheze mchezo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na zikivuja kwa namna ya kumhatarisha mhusika, mwenye dhamana anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kamati inapendekeza picha za wagonjwa zipigwe kwa vifaa vya hospitali tu, vyenye nywila, na visivyotoka getini. Wapo watakaosema vifaa havitoshi. Havitoshi kweli, na ndiyo maana tumeviombea fedha kwenye bajeti ijayo ya kaunti. Bando pia liwemo. Daktari asinunue intaneti ya kazi kwa mshahara wake.

Tangu SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kazi nyingi za bima zinapitia mtandaoni. Mtandao ukikatika au umeme ukienda, fomu za dharura za karatasi ziwepo kabatini, na mtu mmoja kwa kila zamu apewe jukumu la kuziingiza baadaye. Mtu huyo asiwe daktari.

Mapendekezo haya matatu, la fomu za tableti, la picha na la fomu za dharura, yatapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya Ijumaa, kwa ujumbe wa simu.

Mwenyekiti, Lamu