Kwa Rehema, kuhusu viinitete vya siku ya tatu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole na zamu za usiku. Umeniuliza kwa nini viinitete vingi (mayai yaliyorutubishwa yanayoanza kukua) huko kliniki kwenu ya kutungisha mimba maabara hugawanyika vizuri siku mbili, kisha siku ya tatu vinasimama. Nimelifikiria sana swali lako. Jibu nitaanza nalo mbali kidogo, kwa chura.

Chura wa kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus laevis, yai lake likisharutubishwa, hugawanyika kila nusu saa hivi, seli zote kwa pamoja. Kiinitete hakikui, seli huzidi tu kuwa ndogo. Muda huo jeni zake ziko kimya karibu zote, za baba na za mama. Kinaishi kwa masurufu yaliyofungashwa ndani ya yai: protini na RNA (nakala za maagizo ya jeni) ambazo mama alizitengeneza yai likiwa bado tumboni mwake. Baada ya mgawanyiko wa 12, seli zikiwa 4,000 hivi, mwendo unapungua na jeni zinaanza kusomwa kwa wingi.

Kinajuaje kwamba wakati umefika? Hapa ndipo ninapopapenda mno. Mwaka 1982 John Newport na Marc Kirschner walionyesha kuwa kinachoamua ni kiasi cha DNA, yaani kemikali inayobeba jeni, kikilinganishwa na saitoplazimu, ute unaojaza seli. DNA huongezeka maradufu kila mgawanyiko, saitoplazimu iko palepale. Walipodunga DNA nyingi ya ziada kwenye yai, usomaji ulianza kabla ya wakati wake. Maana yake yai lina vizuizi vya kiasi maalumu, protini za histoni zinazofunga DNA zikiwemo, na DNA ikizidi, vizuizi havitoshi tena.

Panya huwasha jeni zake akiwa na seli 2. Binadamu ni kati ya seli 4 na 8, ndiyo hiyo siku yenu ya tatu. Kwa hiyo kiinitete kinachopendeza siku ya pili, kikiwa bado kinaishi kwa masurufu ya mama, kinakueleza zaidi habari za yai. Hata kasoro ya mbegu ya baba inaweza kujificha mpaka hapo. Sisemi kila kinachosimama kimekwama kwenye badiliko hili la kuanza kutumia jeni zake chenyewe. Kromosomu zenye hitilafu nazo ni sababu kubwa. Lakini akina mama wanaoambiwa "mayai yako ndiyo mabaya" wakati mwingine wanaonewa, na wewe una nafasi ya kuwaeleza.

Niandikie kama kliniki yenu husubiri hadi siku ya tano kabla ya kupandikiza.

Wako akupendaye,
Neema