Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri: zile fremu zenu za maduka za stendi ya zamani wapeni watu

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam. Naandika hadharani maana ofisini kwako nimeshakuja mara tatu, mara ya mwisho nimeandikwa jina kwenye daftari nikaambiwa nitapigiwa simu, mpaka leo kimya.

Usiku wa kuamkia Jumanne wezi wameingia dukani kwangu. Mlango hawajaugusa, wameingilia ile fremu ya pembeni yangu iliyofungwa tangu mwaka juzi wakatoboa ukuta. Nafika asubuhi kufuli zangu mbili nzima kabisa, nafungua nakuta shimo la kupita mtu mzima, vumbi la tofali limejaa juu ya cherehani na majora tisa ya vitambaa vya sare hayapo. Ya kijani yote wamebeba. Wazazi walishanipa vianzio, nawaambia nini?

Mlinzi hatuna. Zamani tulikuwa tunachangishana, sa hivi kwenye fremu ishirini na mbili tumebaki nane, hatumuwezi.

Wapo wanaosema sababu ni stendi kuhamishwa, na kweli mabasi yaliondoka na wateja. Wengine wanasema treni ya SGR, tangu ianze 2024 mwenye mtaji anapandia Dodoma anashukia Dar anafunga mzigo wake mwenyewe. Inawezekana. Ila mimi niliyekaa hapa miaka 11 nakwambia kubwa ni kodi ya pango. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma 2016 kodi ikapandishwa mpaka huku wilayani, tukaambiwa neema inakuja, tukalipa. Watumishi wakaenda zao Mtumba, kwenye mji wa Serikali kule Dodoma, kodi ikabaki kule kule juu na mnaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Mama anayepanga mitumba chini kwenye turubai ataitoa wapi? Na watu wanakuja, wallahi wanakuja, wananiuliza dada hii fremu ya nani, nawaelekeza ofisini, wakisikia miezi sita hawarudi tena.

Wewe mwenyewe Mheshimiwa ulisimama kwenye kikao cha wafanyabiashara ukasema ndani ya miezi mitatu viwango vitapitiwa upya. Niliandika nyuma ya daftari langu la madeni. Hiyo miezi mitatu imeshapita mara tatu.

Fremu iliyofungwa haiwaingizii hata shilingi, inaliwa na mchwa tu. Mna vile vikundi vya mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kina mama asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, mnawapa hela isiyo na riba alafu wanaenda kufanyia biashara juani wakati vyumba vyenu vimefungwa! Waingizeni humo. Mpeni fundi viatu, mpeni kijana anayetengeneza simu, hata bure miezi miwili atoe buibui apake rangi, alafu aanze kulipa mwezi kwa mwezi.

Mwezi kwa mwezi tu Mheshimiwa. Majora yangu siyadai kwako, RB ninayo na polisi wanajua. Naomba watu waruhusiwe kulipa mwezi kwa mwezi, na hiyo fremu ya pembeni yangu iwe ya kwanza kupata mtu. Jana nimeziba shimo kwa simenti niliyonunua mwenyewe, ukuta ni wenu. Tangu Jumanne nalala humo humo dukani, chini ya meza ya kukatia.