Dumu la mafuta na mfuko wa sukari

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Saumu,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Sote wazima, ila mama mkwe miguu inamsumbua kidogo kwa baridi hii, lakini anatembea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kumbe shemeji kaambiwa sukari yake imefika mpakani, nawe siku hiyohiyo ukatoa sukari yote ndani, mafuta ukampa jirani, na sasa wiki nzima mnakula vya kuchemsha tu. Watoto wamenuna, na shemeji mwenyewe anapitia kwenye chipsi kabla hajarudi nyumbani. Moyo umeniuma, maana najua unavyomhangaikia. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mambo haya yana hesabu, na hesabu kwa simu hupotea.

Mwaka jana nilipokutwa na presha nilipewa karatasi: mafuta yasizidi asilimia 30, mafuta yanayoganda yasizidi 10, sukari isizidi 10. Aliyenipa hakunieleza asilimia ya nini, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikadhani ni ya sahani. Miezi mitatu nikawa napunguza wali kwa macho, huku mboga zinaelea mafuta vilevile.

Ni Zuhura wangu, yupo kidato cha tatu sasa, aliyekaa nami mezani tukaipigia hesabu. Asilimia ile ni ya kalori, yaani nguvu yote inayoingia mwilini kwa siku nzima. Tuseme mtu mzima anakula kalori 2000 kwa siku. Anayebeba magunia Kariakoo anahitaji zaidi, lakini tuanzie hapo. Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9, zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo fungu la mafuta, yaani ile asilimia 30, ni kalori 600, ambazo ni gramu 67 hivi. Fungu la sukari, ile asilimia 10, ni kalori 200, gramu 50, kama vijiko 12 vya chai visivyo na mlima. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa sukari wa mwaka 2015, lilisema ukiweza kushuka chini ya asilimia 5, yaani vijiko kama 6, ni bora zaidi.

Ukisikia 12 unaona vingi. Sasa hesabu: chai ya asubuhi vitatu, ya jioni vitatu, halafu soda moja ya mililita 350 ina gramu kama 37 za sukari, vijiko tisa. Hapo umeshavuka, na andazi hujaligusa.

Lakini Saumu, hakuna mama anayeweza kusimama jikoni na mizani kila mlo. Mimi nilichofanya ni kuacha kuhesabu sahani, nikahesabu dumu na mfuko. Dumu letu la mafuta la lita 5 lilikuwa linakwisha kwa siku 14, nasi ni watu sita. Lita 5 za mafuta ni gramu kama 4600. Gawa kwa siku, gawa kwa watu: kila mmoja anakunywa gramu 55 kwa siku. Nimesema anakunywa, maana nilipoliona hivyo niliacha kalamu. Kwenye zile 67 zilibaki gramu 12 tu za kuenea tui la nazi, karanga za kwenye mchicha, nyama, maziwa na vya kununua barabarani. Haziwezi kutosha. Mfuko wa sukari wa kilo nao ulikuwa unakwenda siku tatu: gramu kama 56 kila mtu kwa siku, nje ya soda.

Tena tulikuwa tunajiona watu wa kula kawaida. Sisi si watu wa kuku wa kukaanga kila siku.

Nikataka kujua yanakokwenda. Jumamosi moja ya chapati nikapima mafuta kwenye kikombe cha robo lita kabla sijaanza kusukuma. Unajua nilivyofundishwa na marehemu mama: unapaka mafuta kwenye duara, unakunja kama kamba, unazungusha, halafu kwenye kikaango unazungushia tena pembeni mpaka itoe povu. Chapati 12 zilipokwisha kikombe kilikuwa kimekauka. Gramu 19 kila moja. Mtu akila mbili za asubuhi, zaidi ya nusu ya fungu lake la siku limeondoka saa moja asubuhi, na kachukua chai yenye vijiko vitatu. Chapati sikuziacha, nazipenda na watoto wanazipenda. Sasa ni Jumamosi tu, mafuta napaka kwa brashi ndani mara moja, na kikaangoni nageuza kavu kwanza. Ni laini bado, ukizifunika na kitambaa zikiwa za moto.

Mboga ndiyo imeniokoa zaidi. Zamani nilimimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Sasa nina kijiko cha chakula kinachokaa juu ya mfuniko, na sufuria ya watu sita inapata vijiko vitatu. Kitunguu kikianza kushika chini namwagia maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Dumu sasa linafika siku 24. Hiyo ni gramu 32 kwa mtu, na tui la Ijumaa limepata nafasi yake.

Kuhusu yale yanayoganda: nenda kaangalie chupa yako ya mafuta ya nazi ya nywele asubuhi hizi za Julai, utaikuta nyeupe kama mshumaa. Ndiyo hayo. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo. Mawese ni karibu nusu. Alizeti ni kama moja ya kumi, ndiyo maana nimehamia alizeti ya Singida ingawa bei yake inauma. Mafuta ya kupima dukani huwezi kujua ni ya nini, lakini ukiona yamefanya ukungu mzito chini ya dumu asubuhi ya baridi, jua kuna yanayoganda mengi. Fungu lake ni gramu 22 tu kwa siku, na limo ndani ya zile 67, si juu yake.

Umesema umehamia asali. Pole, shoga, asali inahesabiwa humohumo na sukari. Juisi pia, hata ya miwa inayokamuliwa mbele yako, hata ya embe uliyosaga mwenyewe. Embe likiliwa lenyewe halihesabiwi, wala maziwa yasiyotiwa kitu. Kwa hiyo mpe shemeji embe, si glasi. Na chai usimkatie ghafla: sisi tulitoka vijiko vitatu, tukakaa viwili na nusu wiki mbili, tukashuka. Mchaichai na tangawizi vinasaidia mno. Leo baba Zuhura akipewa chai ya ugenini anairudisha, anasema ni tamu.

Mambo mawili nakusihi. Mjukuu wako hajafika miaka 2. Mwongozo huu wa mafuta haumhusu, muache apate karanga kwenye uji na maziwa yake kamili. Na shemeji akianzishiwa dawa za sukari, msipunguze kitu kabla ya kuongea na daktari, maana sukari ikishuka mno nayo inaangusha mtu. Pia usizibe pengo la mafuta kwa kuongeza ugali mweupe. Weka maharage, weka kunde, weka mchicha mwingi, dona ukiipata.

Nunua dumu, Saumu. Usimfanye shemeji ajifiche kwenye chipsi za watu, ambako hakuna anayempimia. Siku utakayolifungua andika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye mfuko wa sukari vilevile. Likiisha nitumie tarehe zote mbili na idadi ya mliokula, Zuhura atatupigia hesabu.

Mwambie shemeji namsalimu, na Idi nitawaletea ukwaju.

Wako,
Mama Zuhura