Kabla ya michango, tuulize nani hayupo

Mhariri,

Miaka 11 nimeimba kwaya ya usharika wetu hapa Moshi, na sala zangu zilikuwa kazi yangu, kiwanja changu, wanangu. Jirani yangu mjane alikosa ibada Jumapili tatu. Kila jioni nilipita mlangoni kwake nikiwahi mazoezi.

Nilipopiga hodi hatimaye, nilimkuta mguu umevimba, kaufunga kwa kanga. Mafigani majivu ya juzi, ndoo kavu. Nikachota maji, nikakoroga uji. Alishika kikombe pamoja na mkono wangu, asiuachie.

Wafilipi 2:4, kwamba kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe bali aangalie na ya wengine, tunaikariri tangu utotoni! Nawasihi wazee wa kanisa: kabla ya kutangaza michango, ulizeni nani hayupo. Alhamisi hii wanakwaya tunampelekea kuni.

Mwanakwaya, Moshi