Pauni 60 za Douglas Jerrold

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini Douglas Jerrold, mwandishi Mwingereza ambaye tamthilia yake ilijaza ukumbi miezi mizima, aliishia magazetini. Piga hesabu tu. Tamthilia hiyo, Black-Eyed Susan, ilianza Juni 8, 1829 katika Surrey Theatre, London, ikachezwa zaidi ya usiku 150. Elliston, bosi wa ukumbi, alitajirika, T. P. Cooke, aliyeigiza baharia William, mhusika mkuu, akapata jina. Jerrold aliambulia kama pauni 60, basi. Wala Elliston hakuvunja sheria, kwani sheria ya kumlinda mwandishi tamthilia yake inapochezwa ilikuja 1833. Kabla ya hapo, ikishachapishwa, ukumbi wowote uliicheza bila kumlipa.

Ukiisoma, sikiliza William anavyozungumza: kila kitu kwake ni tanga, nanga na upepo. Jerrold aliingizwa jeshi la majini akiwa na miaka 10, kwa hiyo lugha hiyo hakuiokota vitabuni. William anamkuta mtu akimsumbua mkewe, Susan, anampiga, kumbe ni Kapteni Crosstree, mkubwa wake. Hukumu ni kitanzi. Kinachomwokoa ni karatasi: barua ya kumtoa jeshini ilikuwa imeandikwa kabla ya pigo, hivyo aliyempiga kapteni alikuwa raia. Ujanja wa kiwakili, lakini watazamaji walilia.

Nyimbo za tamthilia hiyo nazo usiziruke ukidhani ni pambo. Tamthilia ya mazungumzo tu, bila nyimbo, ilikuwa haki ya kumbi chache zenye hati ya mfalme, kama Drury Lane na Covent Garden. Nyingine zilijikinga kwa muziki mpaka sheria ilipobadilishwa 1843.

Fedha ilitoka kwenye kalamu ya gazeti. Jerrold alijiunga na Punch, jarida la vichekesho, 1841, na mwaka 1845 akamleta humo mhusika Bi. Caudle, anayemgombeza mumewe kitandani kila usiku. Usiku wa kwanza kosa la mume ni pauni 5 alizomkopesha rafiki. Baadaye ni mwavuli aliomwazima mtu. Kwangu mimi, hapa ndipo alipo bora kuliko jukwaani. Mwaka 1852 akawa mhariri wa Lloyd's Weekly Newspaper kwa pauni 1,000 kwa mwaka. Zipime na zile 60.

Angalia pia usimchanganye na mwanawe, Blanchard Jerrold, naye mwandishi wa habari na wa tamthilia, aliyekirithi kiti hicho cha uhariri. Baba alifariki Juni 8, 1857, tarehe ile ile ya Susan. Mwandishi Charles Dickens na wenzake wakapanda jukwaani kuichangia familia.

Wako,
Mwanahamisi