Barua ya Kufunga Muhula: Kusoma kwa Kasi, Ufahamu na Utulivu wa Akili

Ndugu Wazazi na Walezi,

Natanguliza salamu pamoja na shukrani zangu kwa ushirikiano wenu katika muhula huu unaomalizika leo. Ripoti za maendeleo ya watoto zimo ndani ya bahasha hii, tarehe ya kufungua shule imeandikwa nyuma ya ripoti, na wenye salio la ada wanaombwa kufika kwa mhasibu kabla ya tarehe hiyo. Mambo hayo sitayarefusha, kwa kuwa liko jambo moja lililonifurahisha sana muhula huu, na liko jingine, lililozaliwa na hilohilo, ambalo limeniudhi na ambalo siwezi kufunga shule bila kulisema.

Nianze na la furaha. Mnakumbuka kwamba katika kikao cha mwanzo wa muhula niliwaeleza kuhusu kipindi cha kusoma kimya, dakika 20 kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, na baadhi yenu mkauliza iwapo muda huo haungefaa zaidi kwa mazoezi ya hesabu. Lilikuwa swali la haki, na waliolijibu ni watoto wenyewe. Wiki mbili za kwanza viti havikuacha kulia. Huyu aliomba ruhusa ya kwenda msalani, yule alifunua kurasa kuhesabu zilizobaki. Kufikia katikati ya muhula nilipita nje ya darasa la tano asubuhi moja nikadhani wanafunzi wametoka. Nilipochungulia dirishani nikawakuta wote wameinamia vitabu, na mwalimu wao naye amekaa mezani anasoma chake. Nimefundisha miaka mingi, na kimya cha namna ile, kisicholetwa na hofu ya fimbo wala ya mtihani, nilikuwa sijakiona.

Yupo mwanafunzi mmoja wa darasa la sita ambaye mwaka jana alikuwa akiacha maswali ya mwisho ya ufahamu bila jibu, kwa sababu muda ulimwishia akiwa bado anasoma habari yenyewe. Kidole chake kilifika mwisho wa mstari, kikarudi mwanzo, kikaanza tena. Hakuna aliyemfundisha kukimbia. Mwalimu wake alimwomba jambo moja tu: kila amalizapo ukurasa afunge kitabu, aseme kwa sentensi moja alichokisoma, na akishindwa, arudi mwanzo wa aya. Mwanzoni alirudi karibu kila ukurasa. Katika mtihani wa muhula huu alimaliza kabla ya kengele, akajibu hata lile swali linalouliza kwa nini mhusika alinyamaza, swali ambalo jibu lake halikuandikwa popote katika habari. Karatasi yake nimeisoma mara mbili, kwa raha.

Niruhusuni nieleze kidogo kwa nini jambo dogo kama hilo lina nguvu. Macho yetu hayatelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Huruka na kutua, kila kituo kikichukua takriban robo ya sekunde, na hata msomaji hodari hurudi nyuma mara moja au zaidi katika kila miruko 10. Kurudi huko si kosa, kwani mara nyingi ndiko kunakonyoosha maana. Tatizo huja pale akili inapotoka chumbani na kuyaacha macho yaendelee peke yake. Mtoto hufika chini ya ukurasa akashtuka kuwa hakuambulia kitu, akaanza upya, na baada ya aya mbili akili ikatoka tena. Ukurasa mmoja ameusoma mara tatu, nasi tunasema mtoto huyu ni mzito wa kusoma. Si mzito hata kidogo.

Ndiyo maana sikukubaliana na wale walioniandikia wakitaka tuanzishe masomo ya kusoma maelfu ya maneno kwa dakika. Uchambuzi wa mwanasaikolojia Marc Brysbaert uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya maandishi yasiyo ya kubuni husoma kwa wastani maneno 238 hivi kwa dakika. Mwaka 2016 Keith Rayner, mtafiti wa usomaji, na wenzake, baada ya kupitia tafiti za miaka mingi, walieleza kwamba anayeongeza kasi mno hupoteza ufahamu, na kwamba njia ya kuaminika ya kusoma haraka kwa kuelewa ni kuijua lugha vizuri na kusoma kwa wingi. Utulivu wa akili hauwezi kuziba pengo la maneno asiyoyajua mtoto, lakini bila huo hata maneno anayoyajua humpita. Anayesogeza kitabu karibu mno na uso apimwe macho kwanza.

Sasa nije kwa lile lililoniudhi.

Kila mtoto alipewa daftari la usomaji wa nyumbani. Mzazi alitakiwa kuandika ukurasa mtoto alikoanzia na alikoishia, aandike sentensi moja aliyoisema mtoto baada ya kufunga kitabu, kisha atie sahihi. Ni kazi isiyofika hata dakika tano. Wiki tatu kabla ya kufunga shule niliyakusanya madaftari yote na kuyapitia mwenyewe. Nilikuta mwezi mzima uliotiwa sahihi kwa kalamu moja, kwa mlalo mmoja, kwa mkupuo mmoja. Nilikuta maneno "amesoma vizuri" yakishuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini, katika nafasi ya sentensi ya mtoto. Nilikuta daftari lililotiwa sahihi hadi Ijumaa ya wiki iliyokuwa haijafika. Nilimwita mwenye daftari hilo, nikamuuliza kwa upole, naye akatazama viatu vyake akasema kuwa nyumbani waliamua kuzimaliza zote siku hiyo ili wasisumbuke tena.

Sikumwadhibu, wala sitamwadhibu, kwa maana kosa halikuwa lake. Nasema nanyi wazazi. Mtoto aliyekaa pembeni akiitazama kalamu ikithibitisha kazi ambayo hakuifanya amejifunza jambo usiku ule, na hakulijifunza kwangu. Sisi tunatumia kila asubuhi kumzoesha kuketi na wazo moja hadi liishe, na jioni anaonyeshwa kwamba karatasi iliyojaa inatosha. Najua mnarudi mmechoka, na najua wapo wanaolea peke yao. Kwa mzazi aliyeandika "leo hatukusoma" nilikuwa na heshima kamili, na wapo walioandika hivyo, nawashukuru. Uongo ndio nisiouvumilia.

La pili ni simu. Kanuni ya shule mnaijua, na bado simu ililia ndani ya mkoba katikati ya kipindi cha kusoma kimya. Aliyepiga alikuwa mzazi, akiuliza kama mtoto amefika salama. Mshika mawili moja humponyoka: mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha na kushika nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza. Simu ile ililia kwa sekunde chache, lakini watoto waliokuwa chumbani hawakurudi vitabuni asubuhi ile. Kuanzia muhula ujao, mwenye shida apige simu ya ofisi. Na wanaowaleta watoto baada ya kengele wajue kwamba wanaochelewa watasubiri nje hadi kipindi cha kusoma kimya kiishe. Mlango hautafunguliwa katikati.

Kwa likizo hii naomba dakika 20 kila siku, televisheni ikiwa imezimwa na simu, zikiwemo zenu, zikiwa chumba kingine. Kisha mtoto afunge kitabu na kuwasimulia. Msimsahihishe upesi, juhudi ya kukumbuka ndiyo inayokaza somo, kama wanasaikolojia Roediger na Karpicke walivyothibitisha mwaka 2006 walipowalinganisha wanafunzi waliojikumbusha na waliorudia kusoma tu. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, na anayelala usiku wa manane hatasoma vizuri asubuhi hata akae kimya namna gani.

Daftari jipya limo ndani ya bahasha. Halina nafasi ya sahihi ya mzazi. Lina nafasi ya sentensi moja kwa siku, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, na siku ambayo hakusoma aiache wazi. Nitayapokea mlangoni mwa kila darasa asubuhi ya kufungua, na nitamwomba kila mtoto anisomee sentensi moja aipendayo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu