Salamu za Krismasi kwa Tuliobaki Nairobi

Heri ya Krismasi, ndugu zangu na dada zangu, na heri zaidi kwenu ambao mwaka huu hamkupanda gari. Kila Desemba nauli za Kisumu, Kakamega na Meru hupanda bila huruma, mizigo ikafungwa juu ya mabasi, na ploti nzima zikabaki na kufuli milangoni. Kuna aliyebaki kwa kukosa nauli. Kuna muuguzi aliye zamu, mlinzi wa lango, na mama mboga ambaye akifunga kibanda wiki moja hataiona karo ya Januari. Wapo pia wasio na mtu tena wa kumwendea kule kwao. Hao nawasalimu kwanza.

Msimu huu huwa tunaambiwa kwamba mtu hujijua anaporudi alikozaliwa babu yake, penye shamba, mto na mti wa wazee. Nakubali nusu. Mtu akikanyaga udongo uliomlea hurudi mjini na uso mwingine, na kila Januari tunawaona watu wa namna hiyo wakishuka kwenye mabasi. Nusu ya pili ndiyo inayoniumiza, maana inatufanya tuishi hapa miezi kumi na mmoja kama wapangaji wasiopigilia hata msumari ukutani, tukingoja Desemba ndipo tuwe watu. Nairobi nayo ina uhai. Sisi ndio hatujausalimu.

Tuanze na maji. Siku ya mgao wenu ikifika na bomba likafunguka, sehemu kubwa ya maji hayo yametoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, linalokusanya mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Mvua iliyonyesha kwenye msitu ule ndiyo uliyopikia chai asubuhi, hata kama uko Kayole na Murang'a hujawahi kufika. Na yale tunayomwaga? Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ukapita katikati ya jiji na Gikomba, ukaingia Athi, na safari hiyo ndefu ikaishia Bahari ya Hindi, karibu na Malindi, ambako watu wanauita Sabaki. Kwa hiyo anayetafuta kujijua na ajiulize pia anakunywa kutoka kwa nani, na anamwagia nani. Binafsi sijui swali la nafsi lililo karibu zaidi na mwili kuliko hilo.

Wala sisemi maumbile ni pambo la kutuliza moyo. Wakazi wa Mathare hawajasahau Aprili 2024, mto ulipofurika usiku na kuchukua nyumba na watu. Nao hawakwenda kukaa ukingoni kwa kupenda maji. Walifuata kodi waliyoweza kulipa. Kama Krismasi hii unaishi karibu na waliofiwa mwaka ule, tafadhali wapitie, hata kwa soda moja.

Kuna mti mmoja Westlands, mugumo, kando ya Waiyaki Way. Mwaka 2020 ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele, na amri ya rais ikauacha umesimama. Kwa Wagikuyu mugumo ni mti wa sala, lakini waliopaza sauti hawakuwa Wagikuyu peke yao. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alilipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park. Januari 1999 akapigwa na kuumizwa kichwani penye lango la msitu wa Karura, alipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa ikigawiwa watu. Mama huyu alizaliwa Nyeri. Karura haikuwa shamba la baba yake. Aliifanya yake kwa kuilinda, na leo watoto wetu wanakimbia chini ya miti ile.

Najua kiingilio cha Karura kwa familia ya watoto wanne si mchezo siku za sikukuu. Basi ombi langu ni dogo, na halihitaji tiketi. Siku mbili hizi ambazo magari yamepungua na hewa imepoa baada ya mvua za vuli, chagua mti mmoja ulio karibu nawe: ule wa stejini, ule wa uwanja wa shule, hata jakaranda iliyokwisha kupukutisha maua. Nayo ni mgeni hapa, asili yake Amerika Kusini, na hakuna Mnairobi atakayekubali kuiita ya wengine. Kaa chini yake na watoto. Tazameni mbayuwayu kwenye nyaya. Wengi wao wametoka Ulaya kukimbia baridi, na watarudi huko miezi ya Machi na Aprili. Kama ni mti wa asili, mpigie shosho simu umweleze majani yake na gome lake, akwambie kwenu unaitwaje na ulikuwa ukitibu nini. Wazee wengi hawajaulizwa jambo la namna hiyo kwa miaka mingi, na watafurahi kuliko mlivyodhani.

Majirani Waislamu na Wahindu, mlango u wazi, chapati zipo. Walio zamu usiku, Mungu awape nguvu na mwajiri awakumbuke. Walio barabarani wafike na warudi salama. Madereva, nawasihi, polepole. Heri ya Krismasi na fanaka za Mwaka Mpya. Tukionana Januari, utaniambia mti wako ni upi.